Kapteni Ojuok Achagua Ndege

Ndege mpya ilipotua Mwanza, kazi zote za uwanjani zilisimama. Wapakizi wa minofu ya sangara waliacha mikokoteni yao juani, mama lishe akatoka na mwiko mkononi, na askari wa getini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wasisogee, akasogea yeye kwanza. Ilikuwa ndege nyeupe ya injini mbili, viti kumi na tisa, imekodiwa kutoka Afrika Kusini. Ilikuja taratibu mpaka mbele ya ofisi ya kampuni ya Mwewe, ikageuka kwa madaha, ikazima injini moja, kisha ya pili. Halafu mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Kapteni Nestory Ojuok hakupiga makofi. Alikuwa amesimama chini ya bawa la ndege nyingine, ndogo, akijifuta mafuta vidoleni kwa kitambaa, akiitazama ile nyeupe kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyefika na mizigo mingi, anayetaka kujua atakaa muda gani.

Ile ndogo ndiyo aliyoizoea. Ilikuwa ya injini moja na viti sita ukihesabu na cha rubani, na mafundi waliipa jina la Kware kwa jinsi ilivyodundadunda kwenye viwanja vya nyasi. Kwa ndege hiyo Ojuok alikuwa amepeleka walimu Ukerewe, madaktari Musoma, wachimbaji Geita, na mara moja jeneza la mzee mmoja wa kisiwa cha Kome ambaye wanawe hawakutaka avuke maji. Alikuwa mtu wa Shirati, mrefu, mzito wa mwili na mwepesi wa kutabasamu. Zamani alirusha ndege za shirika la umma. Shirika lilipoanza kupunguza watu, naye alipunguzwa, akarudi kwao akalima mihogo msimu mmoja, na mihogo haikumpenda. Ndipo alipoitwa na Kashindye.

Kashindye alikuwa mnunuzi wa pamba. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara ambazo awali zilikuwa za vyama na mashirika, aliingia kwenye samaki, na kutoka kwenye samaki akaingia kwenye ndege na kuanzisha Mwewe, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, barabara za kanda hii zilikuwa zinamzeesha. Rubani wake wa kwanza kumwajiri alikuwa Ojuok. Wa pili alikuwa binti anayeitwa Wilhelmina Ngosha, mwenyeji wa Magu, aliyesomea urubani nje kwa msaada wa masista, akarudi na leseni na saa chache za kuruka. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili akiruka na Ojuok, yeye na kapteni bega kwa bega, na kampuni ilikuwa bado haijamruhusu kubeba abiria peke yake.

Jioni ile Kashindye aliwaita wote wawili ofisini. Aliwapa soda, akafunga dirisha kupunguza kelele za wapakizi.

"Mmeiona," alisema. "Reli ya Dar imekatwa na mvua, barabara nazo mnazijua. Watu wanataka kwenda Dar na hawana njia. Ndege hii itafanya Mwanza na Dar, na Nairobi mara mbili kwa wiki. Sasa, mimi nina utaratibu wangu: aliyeanza kazi ndiye anayeanza kuchagua. Kapteni, ukiitaka kubwa, ni yako. Utakwenda Nairobi kuisomea, ufanye mtihani, halafu yule Mzungu aliyeileta atakaa nawe miezi kadhaa. Wilhelmina atachukua Kware. Ukitaka kubaki na Kware, baki. Nitaleta kapteni kutoka nje kwa hii kubwa, na Wilhelmina atakuwa msaidizi wake. Nipe jibu Jumatatu."

"Nimekuelewa, bosi," alisema Ojuok.

Wilhelmina alikuwa ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa dirishani, upande ilikoegeshwa ile nyeupe. Ojuok aliyaona macho hayo na akayasoma kwa namna yake. Alijiambia: huyu mtoto anaitamani.

Nyumbani kwa Ojuok kulikuwa Nyegezi, kwenye mwinuko wenye mawe makubwa nyuma ya nyumba. Mkewe, Roza, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa binti yao Awuor alikuwa bwenini, walikula wawili tu: ugali wa mtama na sato wa kuchemsha. Ojuok alisimulia habari ya ndege mpya mpaka mwisho. Alieleza rangi yake, viti vyake, na jinsi Kashindye alivyofunga dirisha.

"Baba Awuor," Roza alisema, "unaitaka au huitaki?"

"Nawafikiria vijana. Yule Wilhelmina ana maisha yote mbele yake. Akikaa kwenye ndege kama ile miaka michache, mashirika makubwa yatamgombania."

"Sijakuuliza habari za Wilhelmina."

"Halafu kuna watu wa visiwani. Wamenizoea. Rubani mgeni hajui kwamba Nansio ng'ombe huvuka kiwanja saa wanapotoka kunywa maji."

"Haya," alisema Roza, akaendelea kutoa miiba. Baada ya kitambo akauliza, "Na lile libuku ulilokuja nalo ukaliweka juu ya kabati?"

"Ni la ndege mpya. Bosi kanipa nilipitie."

"Umelipitia?"

Ojuok alisema atalipitia. Ukweli ni kwamba alikuwa amelifungua ndani ya gari, akakuta michoro ya vioo vya vipimo na taa na swichi ambazo hakuwahi kuzigusa maishani, akasoma ukurasa mmoja, akaurudia, kisha akalifunga. Alikuwa anakaribia miaka hamsini. Mara ya mwisho kukaa darasani, Awuor alikuwa hajazaliwa.

Ijumaa walipangiwa kwenda Bukoba. Abiria alikuwa mmoja tu, mama aliyejitambulisha kama Bernadeta, na kiti chake kilizungukwa na makatoni ya vifaranga wa siku moja. Viti vingine vilikuwa vimeng'olewa kuwapisha. Vifaranga walilia wote kwa pamoja bila kupumzika, na sauti yao ilijaa ndani ya Kware hata kabla injini haijawashwa.

"Shikamoo, Kapteni," Wilhelmina alimwamkia.

"Marahaba. Leo kaa kushoto. Ndege ni yako, mimi ni abiria kama hawa kuku."

"Nyie warubani," Bernadeta alisema kutoka nyuma, "mnapokuwa wawili, anayejua kuendesha ni yupi?"

"Wote, mama," alijibu Wilhelmina.

"Na tukianguka, nimlaumu yupi?"

"Mimi," alisema Wilhelmina. "Nimekaa kushoto."

Bernadeta alicheka, akajifunga mkanda. Alikuwa anafuga kuku Bukoba na angeweza kwenda kwa meli, lakini tangu ajali kubwa ya mwaka uliotangulia hakutaka kusikia habari za kuvuka maji. Shemeji yake alikuwamo, na hajaonekana mpaka leo. Alilieleza hilo kwa maneno machache, akiwa anachungulia tundu za katoni, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Waliruka vizuri. Mji ulibaki nyuma na mawe yake, ghuba ikafunguka chini yao, rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya matope ya mito. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazina adabu, zilinyesha wakati wowote zilipojisikia, lakini asubuhi hiyo mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umewaambia anga la magharibi ni zuri. Halikuwa zuri kwa muda mrefu. Walipokaribia kuiacha ghuba, mbele yao palisimama ukuta wa wingu jeusi kutoka majini mpaka juu wasikoweza kuona, na ndani yake radi zilikuwa zikiwaka bila sauti.

Mkono wa kushoto wa Ojuok ulianza kunyanyuka kuelekea usukani, akaurudisha gotini.

"Nitajaribu kaskazini," alisema Wilhelmina. Akageuza pua ya ndege. Waliruka wakilipita wingu ubavuni, na wingu nalo likaenda nao. Mvua ya kwanza ikapiga kioo. Kware ikashuka ghafla kama iliyokosa ngazi, ikapanda tena, na vifaranga wote wakanyamaza kwa pamoja. Ukimya ule ulitisha kuliko mtikisiko.

"Hatupiti huku," Wilhelmina alisema. "Na nyuma, Mwanza nako kunafungwa. Naona mvua imeshika mji. Nakwenda Sengerema."

"Kiwanja cha Sengerema kitakuwa kimelowa," alisema Ojuok.

"Najua. Lakini nakiona."

Ojuok alitazama chini. Kweli, upande wa Sengerema kulikuwa na kipande cha mwanga, na ndani yake mabati ya mji na mashamba ya mihogo. Yeye angesubiri dakika chache zaidi, azunguke, ajaribu bahati yake tena. Alijua hilo, na alijua pia kwamba angekosea.

"Twende," alisema.

Wilhelmina aliita mnara, akaeleza anakokwenda, kisha akaishusha Kware polepole juu ya miti ya mikaratusi. Aliyagusa majani ya kiwanja kwa magurudumu ya nyuma, matope yakaruka mpaka kwenye mabawa, ndege ikateleza kidogo kulia, naye akairudisha bila papara. Hakukanyaga breki hata mara moja. Aliiacha ijichoshe yenyewe. Waliposimama, vifaranga walianza kulia upya.

"Basi," alisema Bernadeta, "sina wa kumlaumu."

Mvua iliwafuata nusu saa baadaye. Jirani na kiwanja kulikuwa na shule ya msingi iliyofungwa kwa likizo. Mlinzi wake alipoona makatoni yanaloana aliwafungulia jiko la shule, akakoka moto kwenye mafiga makubwa ya kupikia uji wa wanafunzi. Walipanga makatoni kuuzunguka moto, si karibu sana, na Bernadeta akawa anayageuza kila mara kama mtu anayechoma mahindi. Alisema kifaranga wa siku moja anaweza kuvumilia njaa, ila baridi hawezi. Joto lilipowaingia, walisinzia, na yeye akasinzia pembeni yao, mgongo ukutani.

Ojuok na Wilhelmina walikaa mlangoni wakitazama mvua. Kware ilikuwa peke yake kule kiwanjani, maji yakichuruzika kwenye pangaboi lake.

"Umetua vizuri," alisema Ojuok.

"Ahsante, Kapteni."

"Mimi ningechelewa kuamua."

Ojuok aliona huo ndio wakati mzuri wa kumpa habari njema aliyokuwa akiitunza tangu juzi.

"Sikiliza, Mina. Jumatatu namwambia bosi ninabaki na Kware. Ile kubwa uende wewe. Hata kama ni kiti cha kulia kwa sasa, utajifunza mengi. Nimeona nisikuzibie njia."

Alitegemea ashukuru. Wilhelmina aligeuka akamtazama kwa muda, uso wake ukiwa umekaza kama wa mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuvunja heshima.

"Kapteni, nani alikwambia naitaka?"

"Si nilikuona ofisini ulivyokuwa unaitazama!"

"Nilikuwa naitazama kwa sababu niliogopa nitapewa."

Ojuok alimgeukia.

"Mle ndani nitakaa kulia mpaka lini?" alisema Wilhelmina. "Miaka mitatu? Minne? Nikimsomea mtu mwingine vipimo, nikimwagizia chai. Halafu aje mwingine. Hii hapa," akaonyesha kwa kidevu kiwanjani, "nikipewa, ninakuwa kapteni. Mdogo, sawa, lakini hakuna wa kumuuliza. Leo uliponiachia niamue, hukujua nilivyofurahi. Nimekuwa nikisubiri uchague ile kubwa, ili nibaki huku. Niliona aibu kukuomba."

Mvua iliongezeka juu ya mabati. Ojuok alijikuna shavu. Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka vizuri.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakuonea huruma, na wewe ulikuwa unanisubiri mimi nipishe."

"Samahani, Kapteni. Nisamehe kama nimekosea kusema."

"Hujakosea."

Lakini moyoni alikasirika, na alipotafuta anamkasirikia nani, hakumpata. Sababu yake ilikuwa nzuri. Aliisimulia kwa mkewe, akajisimulia mwenyewe njiani, na kila aliposimulia alijiona mtu mwema. Sasa binti wa watu alikuwa ameiondoa kwa maneno machache, na nyuma ya sababu ile hapakuwa na kisiwa wala ng'ombe wa Nansio. Palikuwa na lile buku lililo juu ya kabati.

Walilala hapo hapo shuleni. Kulipokucha, anga lilikuwa limeoshwa, jua linachoma, lakini kiwanja kilikuwa laini. Ojuok alikitembea chote mpaka mwisho, viatu vikizama, Wilhelmina akimfuata. Walikubaliana kwamba Kware haiwezi kunyanyuka pale na mzigo. Lazima itoke tupu, na hata tupu itahitaji wepesi wote inaoweza kuupata.

"Una kilo ngapi?" Ojuok aliuliza.

"Hamsini na nane."

Ojuok alijitazama tumbo. "Mimi nimepita tisini, na hapo sijanywa chai. Utaipeleka wewe."

"Peke yangu?"

"Leseni unayo. Abiria huna, kampuni haitakuwa na neno. Mimi nitakwenda na mama na kuku wake kwa kivuko."

Walipunguza mafuta kidogo, wakayaacha kwa mlinzi kwenye madumu. Walishusha viti vilivyobaki, kamba, hata sanduku la vifaa vya fundi. Wilhelmina aliizunguka ndege akikagua, akirudia baadhi ya mahali mara mbili. Kisha akapanda, akafunga mlango. Ojuok alitaka kumwambia mambo mengi: asisubiri mwisho wa kiwanja, asivute usukani mapema, aangalie mikaratusi. Yote hayo alikuwa ameshamfundisha. Alimpungia mkono, akasogea pembeni.

Kware ilinguruma, ikatetemeka papo hapo bila kwenda, halafu ikaachiwa. Mwanzoni ilikwenda kama inayovuta jembe. Matope yalirushwa nyuma kama ya trekta. Ojuok alijikuta anatembea sambamba nayo kwenye majani, kisha anakimbia, mtu mzima na mwili wake wote, kana kwamba angeweza kuisukuma. Gurudumu la mbele likanyanyuka. Likashuka. Likanyanyuka tena, na safari hii magurudumu yote yakaachana na ardhi, chini sana, hata akadhani itarudi. Haikurudi. Ilijikusanya, ikapata kasi juu ya majani, ikapanda, na mikaratusi ikapita chini yake na nafasi ya kutosha.

Alisimama akihema, mikono magotini. Hakuna ndege aliyowahi kuitazama hivyo akiwa chini. Siku zote alikuwa ndani.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Bernadeta alimuuliza aliporudi.

"Hata sijui, mama."

Lori la mihogo liliwachukua mpaka Kamanga. Kivuko kilikuwa kimeshajaa nusu: baiskeli, ndizi, mbuzi, akina mama wenye watoto migongoni. Bernadeta alishuka kwenye lori, akaitazama sakafu ya chuma ya kivuko, akakaa juu ya katoni moja na kukataa kuinuka.

"Mimi sipandi."

Ojuok hakumbishia. Alipakia makatoni yote mengine, moja baada ya jingine, kisha akarudi akachuchumaa mbele yake. Alimwambia kwamba upande wa pili unaonekana, kwamba yeye mwenyewe anaweza kuogelea, kwamba watakaa karibu na maboya. Bernadeta alisikiliza hayo yote kwa heshima na hakusogea.

"Wewe unarusha vyuma angani," alisema. "Huwezi kujua hofu ni kitu gani."

"Najua."

"Unaogopa nini wewe?"

Ojuok alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akiwasikiliza ila mbuzi. "Darasa," alisema. "Kuna ndege mpya kazini. Ni yangu nikiitaka. Lakini lazima niende Nairobi nikakae na vijana ninaoweza kuwazaa, nisomee vitu ambavyo sivijui, nifanye mtihani. Nikishindwa, kanda nzima itajua. Kwa hiyo nimekuwa nikisema siitaki."

Bernadeta alimkazia macho ili aone kama anataniwa. Alipoona hataniwi, alisema, "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Lakini darasani hufi."

"Sifi."

Alifikiri kidogo, akainuka, akajipangusa kanga. "Haya, nishike mkono. Na usiuachie mpaka ng'ambo."

Hakuuachia. Kivuko kilipoachana na gati na sakafu kuanza kutetemeka, vidole vya yule mama vilimkaza mpaka pete yake ikamwumiza. Bernadeta alifumba macho, akasali Salamu Maria kwa sauti ndogo, akimaliza anaanza tena. Ojuok alihesabu mawe ya Mwanza yalivyokuwa yanakua mbele yao, na karibu na mwisho wa safari aliona kwamba hakuwa tena anatafuta sababu.

Wilhelmina alikuwa anawasubiri gatini na pikapu ya kampuni, bado na matope kwenye suruali. Alitaka kusalimia kwa utulivu, akashindwa, akatabasamu mpaka meno ya mwisho.

"Imefika salama, Kapteni."

"Nimeona. Kesho utampeleka mama Bukoba. Nitakaa kulia mara ya mwisho, kisha nitakusainia kwa bosi."

Jioni ile aliteremsha buku kutoka juu ya kabati, akaliweka mezani kati ya madaftari ya wanafunzi ambayo Roza alikuwa akisahihisha.

"Naitaka," alisema. "Naiogopa, lakini naitaka."

Roza aliweka kalamu chini. Hakumwuliza kilichotokea, alijua ataambiwa. Alisogeza madaftari kumpa nafasi, akavuta taa katikati yao. "Soma kwa sauti," alisema. "Nikiona hujaelewa, nitakusimamisha, kama ninavyowafanyia darasa la tano."

Nairobi haikuwa rahisi. Darasani kulikuwa na vijana wanaobonyeza swichi kabla mwalimu hajamaliza kuzitaja, na Ojuok alikuwa akiandika huku amebaki nyuma kwa sentensi mbili. Mtihani wa kwanza alianguka. Alimpigia Roza simu shuleni kutoka kwenye kibanda, akamwambia, na Roza akauliza swali gani lilimshinda. Alipomweleza, akasema arudie hilo hilo kwanza, na asile nyama ya kuchoma kila siku. Kashindye naye aliambiwa, na kanda nzima ikajua, kama alivyoogopa. Wapakizi wa minofu walilizungumza kwa siku mbili, siku ya tatu wakarudi kwenye habari za mpira. Mtihani wa pili alipita, si kwa alama za kujivunia.

Safari yake ya kwanza kama kapteni ilikuwa ya Dar, mvua zikiwa zimepungua na reli bado haijatengenezwa. Yule Mzungu alikaa kulia, mikono kifuani, na njia nzima alizungumza mara mbili tu. Kwenye redio, walipokuwa wakipanda, walisikia sauti ya Wilhelmina akiuambia mnara kwamba anaondoka Nansio na abiria wanne. Ojuok alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza masafa ya redio na kuendelea na kazi yake, kwa maana kazi ilikuwa nyingi. Bado alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kugusa swichi. Siku nyingine angeitamani Kware, hasa asubuhi, maji yanapokuwa yametulia. Hiyo haikumsumbua.

Walipotua Dar, joto liliingia mlango ulipofunguliwa. Alishuka akasimama chini ya ngazi kuwaaga abiria. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akienda kumwona mwanawe, kapakata kikapu cha karanga, miguu ikitetemeka kwenye kila kipandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye mimi."

Bibi alimpima kuanzia kofia mpaka viatu. "Narudi Alhamisi," alisema. "Ndiwe utakayenichukua?"

"Ndimi."

"Haya. Usinikimbie." Akamtia karanga mbili tatu kiganjani, akaenda zake kumtafuta mwanawe.